Binti wa Mama Pima

Ukimwona Mama Mwende kanisani Jumapili, na ile suti yake ya kijivu na kofia iliyokaa wima, hutadhani kwamba alisomeshwa kwa pombe haramu. Hata mimi sikujua. Tumeishi mlango kwa mlango hapa Thamesmead, London, miaka mingi, tukigawana mboga na umbea, na kila nilipouliza habari za kwao alijibu kwamba marehemu mama yake alikuwa mfanyabiashara, Nairobi. Nikajijengea kichwani duka la vitenge na mama mnene nyuma ya kaunta.

Jina lake hasa ni Dinah, ila hapa tunaitana kwa majina ya watoto: yeye Mama Mwende, mimi Mama Godson. Yeye ni Mkamba wa Nairobi, mimi Mchaga wa Marangu, na tangu tulipokutana kwenye lifti hatujaacha kutaniana kuhusu Kiswahili. Anasema changu kina mapambo kama keki ya harusi. Mimi nasema chake kinakuja na mawe. Alihudumia wazee katika nyumba moja ya wazee upande wa Abbey Wood mpaka magoti yakagoma, akastaafu, kama kustaafu maana yake ni kufanya kazi ileile bure kwa watu wa kanisani.

Ndivyo tulivyoingia kwa Mzee Wanjohi. Binti yake, Wangeci, ni muuguzi na anasali nasi. Alimleta baba yake kutoka Kenya alipofiwa na mke, akamweka kwenye fleti yake ghorofa ya nne, dirisha likitazama mfereji. Miguu ya mzee ilikuwa imechoka lakini akili ilikuwa nzima. Wangeci akatuomba tukae naye mchana anapokuwa zamu. Mimi nikachukua Jumanne, Mama Mwende Alhamisi.

Mzee alikuwa na tabia moja. Hakuweka kitu mdomoni mpaka aliyemletea aonje kwanza, tena kwa kikombe kilekile. Chai, uji, hata maji ya bomba. Wangeci alisema ni mazoea tu, marehemu mama alimdekeza. Sikuona ajabu sana, maana kwetu Marangu mwenye mbege, ile pombe yetu ya ndizi, hupiga funda la kwanza mbele ya wageni wajue hakuna sumu, ndipo kata izunguke. Lakini mbege ni mbege. Kuonja supu kwenye kijiko cha mzee mwenye kikohozi ni jambo jingine, na nililinung'unikia kila Jumanne.

Alhamisi ya kwanza nilimsindikiza Mama Mwende ili nimwonyeshe vitu vinakaa wapi. Akachemsha chai, akampa mzee. Mzee akakisukuma kikombe kwa kidole.

"Onja."

Mama Mwende hakuonja. Alisimama pale na kikombe mkononi, akamkodolea macho kama mtu anayejaribu kusoma namba ya basi kwa mbali.

"Mzee, Nairobi ulikuwa unaishi wapi?"

"Mathare."

"Mathare side gani?"

"Darajani."

Ndipo akapiga funda, akampa. "Mimi ni msichana wa Syokau," akasema. "Mama Dinah. Ile nyumba ya mlango wa bluu, huko chini kwa mto."

Mzee alikunywa chai mpaka nusu kabla ya kujibu. "Wewe ndio ulikuwa unapiga mluzi."

Na huyu rafiki yangu, katibu wa kina mama wa kanisa, akatia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi uliomwamsha mbwa wa jirani. Mzee Wanjohi akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilitafuta kiti nikakaa.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani alinieleza, kwa kuwa pa kujificha hapakuwapo tena. Mama yake alikuwa mama pima, muuza chang'aa kwa glasi. Tena hakuuza tu, aliipika mwenyewe. Ilikuwa miaka ile serikali ya Kenya ilipoipiga marufuku, kuipika, kuiuza, hata kukutwa nayo ndani. Kwetu gongo nayo ilikuwa hivyohivyo, kwa hiyo nilielewa upesi. Sheria haikukausha koo la mtu. Watu waliendelea kunywa, na biashara ilipoingia mafichoni wenye mabavu wakajitokeza kuilinda. Pale Mathare walikuwa watu wa daraja. Walishika daraja la mbao la kuvukia mto, na hakuna mtungi uliopita bila idhini yao. Ng'ambo, kwenye machimbo, walikuwapo watu wa mawe, ambao nao waliutaka mto. Wakikutana ni mapanga. Nyumba zilichomwa zikiwa na watu ndani. Asubuhi nyingine watoto waliokwenda mtoni walimkuta mtu amelala kifudifudi majini, na mama zao wakawaita warudi wanywe chai waende shule.

"Na Mzee Wanjohi je?"

"Huyo alikuwa wa daraja. Enyewe, alikuwa mmoja wa wakubwa wao."

Alisema hivyo akitabasamu. Nilikuwa nimejiandaa kumpa pole, nikakosa pa kuiweka.

Tangu siku hiyo Alhamisi ikawa sikukuu yake. Alianza kuvaa hereni. Nikamuuliza, "Shoga, unakwenda kulea mgonjwa au kuposwa?" Hakukasirika, akanipa shavu la kulia nimtazame kama poda imekaa vizuri. Wakati mwingine nilipita kumchukua jioni, nikawakuta wawili hao dirishani, chini yao mfereji na mabata yake, nao wameujenga mto wa Mathare upya, jiwe kwa jiwe. Hapa palikuwa na mapipa yamezikwa kwenye tope. Pale bomba lilipitia maji baridi ili mvuke urudi kuwa pombe. Walibishana kama nyumba ya mama fulani ilikuwa kabla ya choo au baada ya choo, kwa ukali ambao mimi huuona kwenye vikao vya urithi tu.

Nami nikaanza kuyajua. Nilijua harufu ya molasi ikichachuka, tamu inayokaribia kuoza, iliyoganda kwenye sare za shule hata mwalimu akawaweka binti za wapishi nyuma, karibu na dirisha. Nilijua kazi ya wasichana, kukaa kwenye mteremko wakijifanya wanasukana. Mluzi mmoja, askari wa chifu wanakuja. Miwili, watu wa mawe. Hapo kina mama walizamisha pipa, wakalikalia na kufua nguo juu yake, na Syokau akaanzisha wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa, wengine wakidakia, mpaka askari wenyewe wakaona aibu kuukatiza. Mmoja akikamatwa, wenzake waliwapikia watoto wake, wakamkorogea mapipa yake, na siku ya kutoka jela wakaenda kumpokea na leso mpya.

"Hapa jirani akikamatwa," Mama Mwende aliniambia, "tunachungulia kwa curtain."

Pombe ya mama yake ilikuwa safi, ukiiwasha inawaka moto wa bluu bila moshi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Syokau hakuwahi kumwita mteja. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mkali kwa mzaha. Mwanamume akija kunywa na watoto wake wamelala njaa, alimmiminia uji badala ya pombe, na wote wakamcheka mpaka akaumaliza. Niliona wazi kwamba rafiki yangu analilia mahali ambapo mtu mwenye akili angeshukuru kupakimbia. Lakini ujana wa mtu uko pale ulipokuwa, haukuchagua mtaa.

Alijaribu kuwapa wanawe hadithi hizo. Mwende anafanya kazi ofisi ya wanasheria, akaja siku moja na laptop yake, akamsikiliza mama yake kwa nusu sikio.

"So Grandma was basically a gangster," akasema. "Like those old American films, when alcohol was banned? The hats and the machine guns?"

"Kofia gani?" Mama Mwende akauliza. "Hawa walikuwa na gumboots."

Mwende akacheka, akambusu, akarudi kwenye laptop yake. Anaelewa Kiswahili chote yule binti, hata matusi, ila hakuna kinachomrudisha Mathare. Mwanangu Godson ni vilevile, kwa hiyo simsemi mtoto wa mwenzangu. Basi wa kuongea naye akabaki Mzee Wanjohi peke yake.

Kwenye sebule ya Mama Mwende kuna picha ya mama yake uzeeni, amevaa miwani myeusi, amempakata Mwende akiwa mchanga, na uso wake umeelekea pembeni, si kwa mtoto wala kwa kamera. Nilijua alikuwa kipofu. Nilidhani ni kisukari. Nilimuuliza wakati wa vuli, tumekaa kwenye benchi kando ya mfereji, na sijui kwa nini nilichagua siku hiyo.

Akasimulia. Miaka ile ilipoendelea, watu wa daraja waliingiwa na tamaa. Wakaanza kuchukua spiriti kutoka viwandani na kuwalazimisha kina mama waiuze, maana ilikuwa haraka kuliko kungoja molasi ichachuke. Watu walikuwa wameshasikia habari za wanywaji waliokufa mitaa mingine, wakaogopa. Lakini mto ulikuwa na sheria yake, na hata majambazi waliiheshimu: anayeleta ndiye anayeonja, mbele ya watu, ndipo wengine wanywe.

Alasiri moja Wanjohi akaja na jerikeni nyumbani kwa Syokau. Wateja walikuwa wamejaa, mafundi na wabeba mizigo. Syokau akapima glasi akampa, aonje. Wanjohi akashika paji la uso, akasema ana malaria, amemeza dawa, akigusa pombe itamwangusha. Watu wakacheka, wakangoja. Syokau hakutaka ugomvi na daraja ndani ya nyumba yenye watoto. Akaichukua glasi mwenyewe, akainywa.

"Akaweka glasi chini," Mama Mwende alisema, "akasema, hii si pombe. Akabeba hiyo jerrycan, akaimwaga yote kwa mtaro, na Wanjohi amesimama hapo. Hakuna mtu mwingine alikunywa. Kesho yake mchana akaniuliza mbona sijafungua dirisha. Na dirisha lilikuwa wazi."

Nilimshika mkono. Hakulia, labda alishamaliza machozi ya jambo hilo zamani.

"Wanjohi akawa anatuletea unga," akaendelea. "Na sukari. Muda mrefu, hata baada ya daraja kuvunjika na hao vijana kuisha. Mamangu mpaka anakufa alikuwa anamtetea. Anasema alikuwa mgonjwa kweli, yeye mwenyewe alimwona akitoka jasho. Alafu sheria ikabadilishwa, wakaruhusu chang'aa, nikampigia simu kumwambia. Akacheka sana. Akasema, sasa wameruhusu, na mimi sioni nikimimina."

"Na wewe unaamini alikuwa mgonjwa?"

"Sijui."

"Basi muulize. Yuko pale, ghorofa ya nne."

Akanigeukia. "Na akisema hakuwa mgonjwa? Alhamisi nitaenda wapi, Mama Godson? Nitaongea na nani?"

Mimi sina subira na mambo ya namna hii. Nilimwambia la kuvunda halina ubani, na kwamba mtu anayeogopa kikombe cha binti yake mwenyewe, huyo ana jambo analolijua kuhusu vikombe. Akasema nimeongea kama Mtanzania, maneno mazuri na hakuna msaada. Tukarudi nyumbani tukiwa tumenuniana. Aliendelea kwenda kila Alhamisi, na hereni zake, ila sasa nilijua anachokibeba kila anapopanda ile lifti, nami nilikuwa nikimwombea ujasiri na wakati huohuo nikiombea asiupate.

Baridi ilipoingia kifua cha mzee kikaharibika. Alilazwa, akarudishwa, na Wangeci akatuambia bila kuzungukazunguka kwamba madaktari wamemrudisha nyumbani, hakuna tiba tena. Hakuweza tena kukaa mwenyewe, ikawa lazima twende wawili, mmoja amwinue, mwingine amlishe. Ndiyo maana nilikuwepo Alhamisi ile.

Nilikuwa nimemwegemeza mzee begani kwangu, mwepesi kama shuka lililokauka. Mama Mwende alipika uji wa wimbi, akaonja kwa kijiko, akampa. Akampa tena. Kisha, kwa sauti ileile ya kuuliza kama uji una moto, akasema:

"Mzee, ile siku ya jerrycan. Ulikuwa na malaria kweli?"

Mzee alimeza kilichokuwa mdomoni. Nilihisi mgongo wake ukikaza kwenye kifua changu.

"Hapana," akasema.

"Ulijua?"

"Asubuhi watu wawili walikuwa wamekufa kwa nyumba ingine. Ilikuwa drum ile ile. Nilijua."

"Mama alisema ulikuwa unatoka jasho."

"Nilikuwa naogopa. Wenzangu walikuwa nje kwa mlango. Nikisema ukweli wananikata, nikionja nakufa." Akapumzika, pumzi ikikwaruza. "Nilidhani atakataa. Syokau alikuwa anakataa kila kitu. Hiyo siku hakukataa."

Hakuomba msamaha. Labda aliona ni kitu kidogo mno kumpa mtu. Mama Mwende aliangalia bakuli. Uji ulikuwa umebaki robo. Akaukoroga, akachota, akaonja, akampa, mpaka ukaisha, kwa sababu ukishaanza kumlisha mgonjwa humwachi katikati; hiyo ni kazi aliyoifanya maisha yake yote. Akamfuta mdomo. Akavaa koti lake, akashuka kwa ngazi bila kungoja lifti, na magoti yale.

Mimi nilibaki na mzee mpaka Wangeci aliporudi. Sikumwambia binti alichokiri baba yake. Nilitamani kumtikisa yule mzee kitandani, na ugonjwa wake. Alikuwa na njia ya tatu, angeweza kuidondosha ile glasi ikavunjika, na hata mtoto mdogo angeliwaza hilo. Unga na sukari, eti. Nilipofika nyumbani niligonga kwa Mama Mwende, akaniambia kupitia mlangoni kwamba amelala, na taa ilikuwa inawaka.

Wiki nzima hakutoka. Nilimwachia supu mlangoni, nikakuta sufuria imeoshwa, imerudishwa kwangu, bila neno. Jumapili hakwenda kanisani. Nikampigia Wangeci nikamwambia magoti ya Mama Mwende yamezidi, nitakuja mimi siku zote, na dada mmoja kutoka Ilford atanisaidia kumwinua mzee. Nilijiona nimepanga vizuri. Rafiki yangu ameupata ukweli wake, ukweli umemuumiza, basi apone, na yule mzee afie mikononi mwa watu ambao hakuwadhulumu. Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba hiyo ndiyo haki.

Alhamisi nikatoka na funguo zangu. Nikamkuta amesimama mbele ya lifti. Amevaa koti, na hereni.

"Unakwenda wapi?"

"Si ni Alhamisi."

Nilisema mengi pale. Nilimwambia yule mtu alimpofusha mama yake akiwa amesimama anatazama. Nilimwambia msamaha ni kitu kizuri lakini hata Mungu husubiri mtu aombe kwanza. Nilimwambia hivyo nikiwa nimeshika mkono wa koti lake kama mtoto. Yeye alibonyeza kitufe cha lifti, akangoja nimalize.

"Sijamsamehe," akasema. "Nani amekwambia nimemsamehe? Nikimwangalia bado naskia nataka kumpiga."

"Sasa?"

Aliitoa mikono yangu kwenye koti lake polepole, akaniangalia, na ndipo nilipoona kwamba amelia siku nyingi.

"Mwende alipozaliwa, mamangu alimpapasa uso na vidole. Kijana wangu, hivyo hivyo. Hata bwanangu, mamangu alimjua kwa sauti tu. Hii London yote, watu mamangu aliwahi kuona na macho yake ni wawili tu, Mama Godson. Mimi na huyo mzee. Na yeye anaenda."